Mjusi wa Ondiek

Jumamosi, 22 Machi 2003

Mjusi hajala siku kadhaa sasa. Nilimtilia panzi wawili, na leo asubuhi nimewakuta wakimtembelea mgongoni, naye ametulia tuli, macho wazi.

Ondiek alimleta Januari ndani ya tangi la kioo la kufugia samaki. Alisema ni wa injinia wao aliyehamishwa ghafla akakosa mtu wa kumwachia. Ni mnene kuliko mijusi wa ukutani, rangi yake ya unga, na mgongoni ana madoa ya hudhurungi. Mkia wake ulikatika zamani ukaota tena vibaya, umetoka ncha mbili kama panda ya manati. Niliuliza anaitwa nani. Ondiek akasema mjusi hapewi jina. Basi mimi humwita Mgeni.

Sikumpenda. Huu ni mwaka wa tisa wa ndoa yetu. Mume wangu anafanya kazi ya barabara huko Oltepesi, njia ya Magadi, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na siku akija na zawadi, zawadi yenyewe ni mjusi. Lakini nani angemlisha kama si mimi?

Jumatatu, 24 Machi

Mbingu ni nyeusi upande wa Athi River, lakini mvua hakuna. Tangu shule ziwe za bure, darasa langu la pili linakaa watoto wanne kwa dawati moja na wengine sakafuni. Sauti imenikauka. Mgeni hajala.

Jumanne, 25 Machi

Ondiek alipiga simu.

"Mjusi anaendeleaje?"

"Amekataa chakula. Mimi pia niko salama, asante."

"Amekataa kivipi? Unampa nini?"

"Panzi. Nondo. Chochote ninachoshika."

"Namalwa, huyo mjusi asikufie. Tafadhali."

Hajawahi kuniambia tafadhali. Mwaka juzi nilipolazwa na malaria, yeye hakuja. Alimtuma ndugu yake na chupa ya juisi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imefika. Viatu vimebaki matopeni nje ya lango la shule, nimeingia darasani na soksi.

Jumamosi, 29 Machi

Nilimtia Mgeni kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa mashimo, nikaenda kwa Musila, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na stendi ya hapa Kitengela. Duka lilikuwa limejaa watu wa kununua dawa ya kupe. Nilingoja wapungue. Hawakupungua. Nikafungua kopo.

Musila alicheka hata akashika kaunta. "Mwalimu! Mjusi kama huyu, watu humfukuza na ufagio. Wewe unamletea dawa?"

"Ni mgonjwa."

"Niko na dawa ya minyoo ya kuku. Ukimpa tone moja atapona au atakufa, yote ni sawa."

Watu wote wakacheka. Mzazi wa mtoto mmoja wa darasani mwangu alicheka kuliko wote. Nilifunika kopo nikaondoka.

Langoni nikakutana na Mama Burhan. Jina lake ni Khadra, ana duka la nguo kwenye chumba cha mbele cha ploti yetu, na hakuna kinachopita langoni asikione. Alichungulia kopo akaruka nyuma.

"Astaghfirullah! Mwalimu, huyo ni mjusi kafiri. Kwetu huyo haruhusiwi kuingia nyumbani."

"Ni wa Ondiek."

Alinitazama akitaka kusema kitu, akarudi dukani kwake. Mwanamke mchunguzi, nimechoka naye.

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa mwezi. Ondiek amesema barabara ya Oltepesi imekatwa na maji, haji. Aliuliza habari ya mjusi.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa. Sasa nina muda wa kumwangalia Mgeni vizuri, na ninachokiona hakinipendezi. Miguu inamtetemeka. Akitaka kutembea anajikokota kwa tumbo, na taya la chini limelegea kama raba. Akijaribu kumuuma panzi, mdomo haufungi. Sio kwamba alikataa chakula. Alishindwa kukila, na mimi siku zote hizi namlaumu kwa kiburi.

Jumatano, 9 Aprili

Kajiado. Nilikwenda kwa sababu leo ni siku ya soko la ng'ombe, na siku ya soko madaktari wa mifugo hawakosi. Daktari niliyeelekezwa alikuwa ndani ya zizi, mkono mzima umo ndani ya ng'ombe. Msaidizi wake, mama wa Kimaasai anayeitwa Nalotuesha, alinisalimia, "Sopa," nikamjibu, "Ipa." Huyo hakucheka. Alifungua kopo, akatazama, akamwita bosi wake kwa lugha yao.

Daktari alinawa akaja.

"Mwalimu, nisikudanganye. Mimi ni wa ng'ombe, mbuzi na punda. Huyu mifupa yake imeharibika, hiyo naiona, lakini sijui nimpe nini na nimpe kiasi gani. Nikikisia nitamuua."

"Basi nani anajua?"

"Kuna daktari mama pale Ngong, Daktari Waruguru. Anatibu kasuku na kobe za matajiri wa Karen. Nenda kwake, lakini usikawie."

Nilipotoka, mzee mmoja mwenye fahali alimuuliza Nalotuesha nimebeba nini. Alipojibiwa alisonya. Nilitamani kumwambia kwamba si wangu, nimetumwa. Watu wote wanaonicheka wanadhani mimi ndiye mpenda mijusi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ondiek amekuja. Hakuvua hata koti. Alipiga magoti mbele ya tangi akaanza kuongea na mjusi kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akatoa kamera mfukoni akampiga picha tatu nne, akimgeuzageuza ili ubovu wa miguu usionekane.

"Picha za nini?"

"Injinia anataka kumwona."

"Basi injinia alipe daktari. Nimempata mmoja, yuko Ngong, anatibu wanyama kama hawa. Jumanne nitampeleka."

Ondiek alisimama haraka. "Ngong hapana."

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana. Huko ni mbali, mvua hii, utateseka bure. Nitamtafutia daktari Nairobi mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Namalwa, usinihoji kama mtoto wa darasa la pili."

Mimi mjinga nilidhani ananionea huruma. Nilimpikia samaki.

Jumamosi, 19 Aprili

Ameondoka asubuhi kabla ya chai. Pasaka nitakula peke yangu. Tangi ameliacha, na habari ya daktari wa Nairobi haitajwi tena.

Jumanne, 22 Aprili

Mgeni amepatwa na degedege mara mbili tangu asubuhi. Anajikunja, vidole vinakakamaa, kisha analegea hata namdhania amekufa. Nimempigia Ondiek hadi vidole vimechoka. Simu yake imezimwa.

Kesho naenda Ngong. Akikasirika, akasirike mjusi akiwa hai.

Jumatano, 23 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Nilifika Ngong nimelowa mpaka mifupani. Kopo nilikuwa nimelifunga ndani ya sweta. Kliniki ya Daktari Waruguru ni vyumba viwili nyuma ya duka la vitabu, na yeye ni mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Alichukua kopo, akavaa miwani, akamtoa Mgeni taratibu juu ya taulo. Halafu uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Ai! Chapati! Wewe umefikaje hali hii?"

Nilidhani anazungumzia chakula. "Nani?"

"Chapati. Mjusi wa Cindy. Huu mkia naujua, ulipokatika mwaka jana ni mimi niliyeuosha, na Cindy amelia hapo ulipokaa mpaka nikampa biskuti. Madoa haya ndiyo yalimpa jina." Alikuwa akizungumza huku akimpapasa taya. "Mama Cindy hajambo? Na mtoto mchanga?"

Sijui nilitoa sauti gani. Nakumbuka nilisema, "Hawajambo."

"Cindy aliniambia njiani kwenda kwao Kimuka, nilipompa lifti na mama yake. Nyanya alikuja kutoka nyumbani kumlea mtoto mchanga, akasema hatalala nyumba moja na mjusi. Ikabidi baba ampeleke kazini. Akaniambia, daktari usiogope, huko kazini kuna mama mmoja anamtunza vizuri." Akaniangalia juu ya miwani. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mungu akubariki. Wafanyakazi wengine wangemtupa."

Alinieleza mengine yote na mimi nikasikiliza kama mwanafunzi, kwa sababu kama ningeacha kusikiliza ningeanguka. Mjusi amekosa madini ya chokaa mwilini. Panzi peke yake hawatoshi. Alimdunga sindano ndogo sana pajani. Akanipa dawa ya maji ya kumtilia mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone asubuhi na jioni, na unga mweupe wa kupaka panzi kama unavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Jua la asubuhi kila likipatikana. "Ukiruka siku mbili, mifupa itavunjika yenyewe," alisema. "Usimwachie mtu asiyejua."

Cindy. Baba yake si injinia yeyote. Ana umri wa kumlilia mjusi na kupewa biskuti. Basi ana miaka saba, minane. Mimi nina miaka tisa ya ndoa. Na nyanya aliyekuja kulea ni mama mkwe wangu, ambaye Januari aliniambia kwa simu kwamba yuko Kisumu anatibiwa miguu.

Miaka yote hii nilikuwa najiona mke. Kumbe mimi ni kazini.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekaa na tangi mbele yangu tangu asubuhi. Si lazima nifanye lolote. Nikimwacha bila dawa leo na kesho, atakufa mwenyewe, na kule Kimuka kuna mtoto atalia, na Ondiek atalazimika kumwangalia akilia. Nilifikiria hivyo mpaka chai ikapoa. Nilifurahia kufikiria.

Kisha Mgeni akafungua mdomo. Taya lilitetemeka likashindwa kufunga. Nikachukua bomba.

Unamshika shingoni kwa vidole viwili, unagusa ukingo wa mdomo, unangoja. Tone linakaa hapo linametameta. Halafu ulimi unatoka, mpana, wa waridi, unalilamba. Unatia jingine. Sijawahi kunyonyesha. Sikujua kwamba mkono unaweza kutulia hivyo.

Jumapili, 27 Aprili

Ondiek alipiga. Nilimwambia mjusi ni mzima. Hakuuliza amepona vipi. Sikumwambia.

Jumatano, 30 Aprili

Jua kidogo asubuhi. Nilimweka dirishani. Degedege imeisha. Anasimama kwa miguu yote minne.

Ijumaa, 2 Mei

Amekamata nondo mwenyewe. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, mpaka Mama Burhan akagonga kuuliza kuna nini.

Jumamosi, 3 Mei

Ondiek alifika saa sita hivi. Aliinama kwenye tangi, akacheka kwa furaha kumwona Mgeni ameinua kichwa. Kisha akaona bomba na chupa ya dawa juu ya meza. Akasoma kibandiko.

"Ulienda Ngong."

"Nilienda."

"Nilikukataza."

"Daktari Waruguru anakusalimia. Anauliza hali ya Mama Cindy na mtoto mchanga."

Alikaa kwenye kiti. Nilingoja akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, hata nilikuwa nimeuchagua: angesema ni mke wa ndugu yake. Ningekubali, nafikiri, kwa saa moja hivi. Hakusumbuka kudanganya.

"Ulitaka nifanye nini?" akasema. "Miaka ilikuwa inapita. Mama analia kila siku, anataka kuona mjukuu. Wewe ungenizalia, haya yote hayangekuwako."

"Cindy ana miaka mingapi?"

Akairudisha chupa ya dawa mezani.

"Ondiek, ana miaka mingapi?"

"Minane mwezi wa kumi."

"Basi mimba yake iliingia tuna mwaka mmoja tu wa ndoa. Hiyo ndiyo miaka iliyokuwa inapita?"

Hapo akapandisha sauti, na ule upole wa kuongea na mjusi ukaondoka. Akasema nimemvunjia heshima mbele ya daktari. Akasema mjusi ni wa mtoto wake na hatamwacha kwa mwanamke mwenye uchungu. Nilimwambia mgonjwa yuko katikati ya dawa, hawezi kuhamishwa kiholela. Alinisukuma kwa bega, akainua tangi lote kifuani, akatoka nalo mvuani.

Dawa imebaki hapa mezani. Chupa, unga na bomba.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Kimuka.

Sikuwa na haja ya kuuliza sana. Nilisema "nyumba ya Cindy" na mama wa kwanza niliyemkuta barabarani akanionyesha: nyumba ya mawe, mabati mekundu. Ya kwetu Kitengela ni ya kupanga.

Mtoto alifungua mlango. Ana paji la uso la Ondiek, hilo sitalikataa. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliangalia mfuko wangu.

"Wewe ndiye mama wa kazini?"

"Ndiyo."

"Chapati amelala. Haamki."

Mama yake alikuja nyuma yake, mtoto mchanga begani. Ni mdogo kwangu, mwembamba, leso imefungwa kichwani haraka haraka.

"Mimi ni Namalwa," nikasema. "Mke wa Ondiek."

"Najua," akasema. "Mimi ni Akoth. Aliniambia mliachana zamani. Kwamba unakaa tu kwenye ile nyumba kwa sababu huna pa kwenda." Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayekusomea barua ya mtu mwingine. Halafu alinitazama vizuri, viatu vyenye tope, pete kidoleni, na nikaona anaanza kuhesabu mambo yake mwenyewe. "Ni uongo?"

"Ni uongo."

Alishika fremu ya mlango. Tungeweza kupigana, nilikuja nimejiandaa hata kwa hilo. Lakini mtoto alikuwa akivuta sketi yangu.

"Umeleta dawa?"

Mjusi alikuwa amekunjamana kwenye kona ya tangi, vidole vimeanza kukakamaa. Nilinawa mikono. Nilimwita Akoth karibu, akampa Cindy mtoto mchanga ambebe, akaja. Nilimwonyesha jinsi ya kushika shingo, jinsi ya kungoja ulimi. Tone la kwanza lilimwagika. La pili pia. La tatu akalilamba. Cindy aliacha kupumua, kisha akapumua.

"Sasa wewe," nikamwambia Akoth.

Mkono wake ulikwenda haraka mno mwanzo. Nilimshika kifundo mpaka ukatulia. Tulikuwa hivyo, vichwa vimegusana, Ondiek alipoingia. Alikuwa amelowa chepechepe, na mkononi alikuwa na chupa ya soda iliyojaa panzi. Alikuwa ametoka kuwakamata kwenye nyasi, mvuani, mtu mzima na suruali ya kanisani.

Katika miaka tisa sijamwona akimtafutia mtu yeyote kitu kwenye mvua.

"Namalwa," akasema. "Akoth. Ngojeni niwaeleze."

Akoth hakuinua kichwa. "Ngoja hapo nje kwanza," akasema. "Mgonjwa anapewa dawa."

Nilimaliza kuonyesha unga unavyopakwa. Nikamwambia Cindy panzi asizidi ukubwa wa kichwa cha Chapati, na jua la asubuhi asikose. Alirudia maneno yangu yote bila kosa. Ningefurahi kuwa naye darasani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nimeliandika ili nisijidanganye.

Jumatatu, 5 Mei

Muhula wa pili umeanza. Madirisha mawili yamevunjika, mvua inaingia darasani.

Jumamosi, 17 Mei

Walikuja: mama mkwe, shemeji wawili, na Ondiek nyuma yao kama mtoto aliyeshtakiwa. Nilipika chai. Mama mkwe aliongea kwanza. Hakusema neno juu ya Januari. Alisema nilikosa adabu kuingia nyumba ya mke mwenzangu bila kualikwa, na kwamba nikiomba msamaha, mambo yatakwisha na kila mwanamke atakaa kwake.

"Mama," nikamwuliza, "miguu ilipona Kisumu?"

Alinywa chai.

"Unataka nini, Namalwa?" shemeji mkubwa akauliza.

"Achukue nguo zake."

Walipoondoka, Mama Burhan aliingia na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, akakaa. Akanimiminia kikombe, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilimwona bwana wako. Mwaka jana, nilienda Ngong kwa ndugu zangu, nikamwona na mama na mtoto. Sikutaka kuvunja nyumba ya mtu."

Nilimwambia atoke. Alitoka. Chai aliiacha.

Jumatano, 21 Mei

Nimemrudishia Mama Burhan chupa yake. Aliipokea, akanisogezea kiti. Nilikaa. Ni yeye peke yake anayejua yote, na sina nguvu ya kutafuta mwingine.

Jumatatu, 26 Mei

Sokoni Musila aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli nimeachana na bwana kwa sababu ya mjusi. Nilisema ni kweli. Hakujua acheke au asicheke.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha, baridi imeanza. Akoth ametuma ujumbe kwa simu: "Chapati amekula panzi watatu leo. Amemuuma Cindy kidole, Cindy amefurahi sana." Sijajibu. Hajasema lolote juu ya Ondiek, nami sitauliza.

Ondiek alikuja mchana kuchukua masanduku yake. Niliyapanga mwenyewe, mashati yamekunjwa, viatu vimefungwa kwa gazeti. Alizunguka chumbani akigusa vitu. Alisimama penye alama ya vumbi pale tangi lilipokuwa.

"Ungenisubiri tu," akasema. "Ningempeleka Nairobi mwenyewe. Tungekuwa bado tuko sawa."

"Angekufa, Ondiek. Zilikuwa zimebaki siku chache."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Si angekufa tu," akasema. "Kwani ni nini? Ni mjusi."

Nikamshikia mlango, maana mikono yake ilikuwa imejaa masanduku.